Mistari milioni tano katika dirisha la mistari ishirini na mitano

Lori la kubeba shaba linalotoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, mara nyingi hufungwa kifaa kidogo cha ufuatiliaji. Tuchukulie kwamba kifaa hicho hutuma, kila baada ya dakika moja, mahali lori lilipo, mwendo wake, kiasi cha mafuta kilichomo tangini na hali ya injini. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo lori moja huandika mistari 1,440 kwa siku, na kampuni yenye malori mia moja hukusanya mistari 144,000 kabla siku haijaisha. Kwa hesabu hiyo, siku thelathini na tano zinatosha kuvuka milioni tano. Hifadhidata ya kawaida huibeba idadi hiyo bila taabu. Taabu huanza pale mtu wa ofisini anapotaka kuiona mistari hiyo kwenye kioo cha kompyuta yake, kidole kikiwa juu ya gurudumu la kipanya, akitarajia kwamba jedwali litapanda na kushuka bila kukwama.

Wapo watengenezaji wa programu ambao jibu lao la kwanza ni kwamba hakuna binadamu anayesoma mistari milioni tano, basi mtumiaji achuje kwanza, apewe mistari yake mia mbili, mambo yaishe. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Anayetafuta lori moja katika siku moja anapaswa kuchuja, na jedwali lisilomruhusu kufanya hivyo halina kisingizio. Lakini mkaguzi wa mafuta mara nyingi hana cha kuandika katika kisanduku cha kuchujia, kwa sababu kosa analolitafuta, kwa mfano mafuta kunyonywa usiku, halikai ndani ya mstari mmoja. Saa 21:14 mwendo ni sifuri, injini imezimwa, tangi lina lita 312. Saa 21:15 hali ni ileile. Saa 21:16 zimebaki lita 305, saa 21:17 lita 291, saa 21:18 lita 276, kisha namba inatulia hadi alfajiri. Hakuna mstari hata mmoja kati ya hiyo ambao ukiutazama peke yake utakushtua: lita 276 ni kiasi halali, na injini kuzimwa usiku kwenye foleni ya mpakani ni jambo la kila siku. Mtu anaweza kuandika kanuni ya kutafuta mshuko wa ghafla, nayo itamletea mishuko mingi ya uongo, maana mafuta huyumba tangini lori linapopita barabara mbovu, na kipimo huyumba pamoja nayo. Jicho lililozoea hutambua tofauti kwa kuona mistari kumi iliyotangulia na kumi inayofuata. Ndiyo maana kusogeza jedwali refu ni kazi halali, na ndiyo maana mpangilio wa mistari, kuliko uchoraji wake, ndio utakaotushughulisha zaidi huko mbele.

Tuanze hata hivyo na uchoraji, kwa kuwa ndipo programu nyingi huanguka mara ya kwanza. Njia ya kitoto ni kuiomba seva mistari yote na kukiamuru kivinjari kiichore yote. Katika ukurasa wa wavuti kila seli ya jedwali ni elementi inayojitegemea, yenye rangi yake, ukubwa wake na mahali pake, na kivinjari hulazimika kuikumbuka na kuikokotolea nafasi hata kama iko mbali kabisa na macho ya mtumiaji. Mistari milioni tano yenye safu saba ni seli milioni thelathini na tano. Kioo cha kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, maana yake kazi yote ya kusogeza, kupima na kupaka rangi inapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7 hivi, la sivyo mtumiaji huona jedwali likigandaganda chini ya kidole chake. Hakuna kompyuta ya mezani itakayokokotoa nafasi za elementi milioni thelathini na tano ndani ya muda huo; mara nyingi kivinjari hufa kabla hakijafika hapo. Na tusisahau safari yenyewe ya data. Mstari mmoja ukichukua baiti 80 tu, milioni tano ni mega 400, na anayefanya kazi kwa intaneti ya simu hapa Lubumbashi anajua vizuri mega 400 zinagharimu nini.

Dawa ya tatizo hili inajulikana tangu zamani, na kiini chake ni hesabu ya darasa la nne. Ikiwa eneo la jedwali lina kimo cha pikseli 700 na kila mstari una kimo cha pikseli 28, basi mistari inayoonekana kwa wakati mmoja ni 25, wala haizidi hapo hata kama data ni milioni tano au bilioni tano. Programu hutengeneza boksi tupu lenye kimo cha jedwali zima, ili mwambaa wa kusogeza uchukue ukubwa unaostahili, kisha huchora ile mistari 25 peke yake pamoja na michache ya akiba juu na chini, ili gurudumu likizungushwa kwa haraka mtumiaji asikutane na weupe. Kila boksi linaposogezwa, programu huuliza: juu ya dirisha tumefika pikseli ya ngapi? Ikiwa ni pikseli ya 1,400,000, inagawanya kwa 28 na kujua kwamba mistari 50,000 imeshapita. Inachota data ya mistari inayofuata na kuiweka mahali pake. Elementi zenyewe hazitupwi. Mstari uliotoka juu ya dirisha hufutwa maandishi, hujazwa mapya na kurudishwa chini, kama mgahawa wenye sahani thelathini unavyoweza kulisha watu elfu moja kwa siku kwa kuosha na kupakua tena. Simu zetu hufanya hivyo kila tunapopitia orodha ya majina au ya ujumbe: majedwali ya iPhone yalikuwa na utaratibu huo tangu watengenezaji wa programu walipofunguliwa mlango mwaka 2008, na Android iliupa jina la wazi mwaka 2014 ilipoleta RecyclerView.

Makala nyingi za ufundi huishia hapa, na msomaji huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Kwa mistari elfu hamsini, kweli imekwisha. Kwa milioni tano ndiyo kwanza inaanza, na kikwazo cha kwanza hukaa ndani ya kivinjari chenyewe.

Lile boksi tupu linatakiwa kuwa na kimo cha pikseli milioni 140, yaani 28 mara milioni tano. Chrome haitakubali. Ndani yake, urefu wowote huhifadhiwa kama namba nzima ya biti 32 inayohesabu sehemu ya sitini na nne ya pikseli, na ukigawa 2,147,483,648, ukomo wa namba ya aina hiyo, kwa 64 unapata 33,554,432. Kila kitu kirefu kuliko hapo hukatwa kimyakimya. Firefox huhesabu kwa sehemu ya sitini ya pikseli na kujiwekea mpaka wa biti 30, hivyo hukomea karibu na pikseli milioni 17.9. Kwa mstari wa pikseli 28, ya kwanza inaishia kwenye mstari wa milioni 1.2 hivi na ya pili kwenye mstari wa 639,000 hivi. Ubaya ni ule ukimya. Hakuna ujumbe wa kosa; mtumiaji husogeza hadi mwisho wa mwambaa na kuona mwisho, asijue kwamba zaidi ya mistari milioni tatu haina njia ya kufikiwa.

Jibu la kawaida ni kupunguza kipimo, kama ramani inavyofanya. Boksi hupewa kimo cha pikseli milioni 10 tu, na kila pikseli yake huhesabiwa kama pikseli 14 za jedwali la kweli. Kitelezi cha mwambaa kikifika nusu ya njia, programu inajua iko kwenye mstari wa milioni mbili na nusu. Sasa angalia kinachotokea kwa gurudumu la kipanya. Mzunguko mdogo unaosogeza boksi pikseli 100 umesogeza jedwali pikseli 1,400, yaani mistari 50, wakati dirisha linaonyesha 25. Mtumiaji ameruka mistari isiyopungua 25 bila kuiona hata kidogo, na kwa mkaguzi wetu wa mafuta huenda ile dakika ya saa 21:16 ilikuwa humo. Kwa hiyo miondoko miwili inapaswa kutenganishwa: gurudumu, vishale na vidole juu ya kioo visogeze kwa pikseli za kweli, na kitelezi kinapokokotwa ndipo kipimo kilichopunguzwa kitumike, kisha programu irekebishe taratibu tofauti kati ya hesabu hizo mbili bila mtumiaji kuhisi mtikisiko. Hii ndiyo sehemu yenye hitilafu nyingi kuliko zote katika majedwali ya aina hii, na ukitaka kulipima jedwali la mtu, usiliangalie likiwa juu kabisa. Nenda katikati, zungusha gurudumu polepole, na uone kama hakuna mstari unaorukwa.

Hata tukifanikiwa hapo, kitelezi kinabaki chombo butu. Njia yake ina pikseli 700 za kupitia, na jedwali lina mistari milioni tano, kwa hiyo pikseli moja ni mistari 7,143. Tukiwa tumepanga kwa saa, na malori mia moja yanaandika mistari mia moja kila dakika, pikseli hiyo moja ni dakika 71. Jedwali lilelile likipangwa kwa namba ya gari kwanza na saa baadaye, jinsi mkaguzi wa mafuta anavyolihitaji, pikseli moja inakuwa takriban siku tano za lori moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kulenga usiku fulani kwa chombo kama hicho. Kwa maoni yangu kitelezi katika jedwali kubwa kibakiziwe kazi ya kumjulisha mtu yuko sehemu gani, na kinapokokotwa kionyeshe kando yake namba ya gari na tarehe iliyofikiwa. Kazi ya kwenda mahali maalumu ipewe kisanduku ambamo mtu anaandika gari, tarehe na saa, akabonyeza na kufikishwa. Ni kisanduku kimoja tu, na inashangaza ni majedwali mangapi ya bei kubwa hayana.

Sasa tuifuate ile data hadi inakotoka. Programu imekokotoa kwamba inahitaji mistari 50 kuanzia mstari wa milioni tatu, na namna rahisi ya kuiomba hifadhidata ni kuiambia: panga, ruka mistari 3,000,000, nipe 50. Lugha ya SQL, inayotumika kuiuliza hifadhidata, ina neno OFFSET kwa kazi hiyo, na watu hulitumia bila kujiuliza linatekelezwaje. Hifadhidata haina njia ya mkato ya kuruka. Huanza mwanzoni, husoma mstari baada ya mstari kwa mpangilio ulioombwa, huitupa ile milioni tatu, kisha hukabidhi 50. Juu ya jedwali kila kitu ni chepesi, na kadiri mtumiaji anavyoshuka ndivyo jedwali linavyozidi kuwa zito. Anayelijaribu kwa kutazama kurasa tatu za mwanzo hatagundua chochote. Malalamiko yatatoka kwa wale wanaofanya kazi ya kweli huko chini.

Njia bora ni kuacha kuhesabu na kuanza kutaja. Badala ya kusema ruka milioni tatu, programu hukumbuka mstari wa mwisho iliouonyesha, yaani namba ya gari na saa yake, na kuomba mistari 50 inayofuata baada ya hapo. Swali la namna hii hujibiwa na faharasa, yaani orodha iliyopangwa tayari, ambayo katika hifadhidata nyingi hujengwa kama mti wenye matawi mengi uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika maabara za Boeing, na kuchapishwa mwaka 1972. Tuseme kila kifundo cha mti kina matawi 300. Ngazi tatu tu zinatosha kutofautisha mistari milioni 27, kwa sababu 300 mara 300 mara 300 ni 27,000,000. Hifadhidata hushuka ngazi hizo chache, hufika mahali palipotajwa, na kuanza kusoma mbele. Gharama ya kupata mistari 50 inakuwa ileile, uwe juu kabisa ya jedwali au umbali wa milioni nne chini.

Njia hii nayo ina bei yake. Kutaja kunafaa kwa anayekwenda mbele au nyuma hatua kwa hatua, lakini mtu akikokota kitelezi hadi asilimia sitini ya njia, programu haijui ni gari lipi na saa ipi inayokaa hapo. Suluhisho ninalolipendelea ni la alama za njiani. Seva hupitia faharasa mara moja na kuandika kando, kila baada ya mistari 10,000, namba ya gari na saa ya mstari ule. Kwa milioni tano hizo ni alama 500 tu, orodha ndogo ambayo hata simu inaweza kuibeba. Mtu akiruka, programu hutafuta alama iliyo nyuma kidogo ya anapotaka, huitaja kwa hifadhidata, na kuruka kutoka hapo mistari isiyozidi 9,999. Alama hizo ni za mpangilio mmoja na kichujio kimoja, na zikibadilishwa lazima ziandikwe upya. Ndiyo sababu jedwali linaloruhusu kupanga kwa safu yoyote, kuelekea juu au chini, likiwa na vichujio ishirini, huahidi kitu ambacho seva haitaweza kukilipa kwa kasi ileile kila mara. Ni heri kuruhusu mipangilio mitatu iliyoandaliwa faharasa kuliko thelathini isiyoandaliwa.

Mpangilio wenyewe unadai uangalifu ambao wengi hawaupi. Edgar Codd alipoweka msingi wa hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, alizichukulia kama seti, na seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Hifadhidata haikuahidi mpangilio wowote isipokuwa ule ulioutaja, na usipoutaja wote, sehemu iliyobaki itakuja inavyotaka. Tukipanga kwa saa peke yake, malori mia moja yaliyoandika saa 21:16 yamefungana, na hifadhidata ina haki ya kuyaleta kwa mfuatano huu leo na mwingine baada ya dakika mbili. Ikiwa ukingo wa ombi la mistari 50 umeangukia katikati ya kundi hilo, lori moja litatokea mara mbili na jingine halitatokea kabisa. Mtumiaji ataona mafuta ya lori yamepotea kwa dakika moja, aripoti, na mtengenezaji wa programu atatafuta kosa katika kifaa cha lori, mahali ambapo halipo. Kinga yake ni ndogo mno: mwisho wa kila mpangilio iongezwe safu isiyojirudia, kwa kawaida namba ya utambulisho ya mstari, ili pasiwe na mistari miwili inayofungana.

Kwetu sisi kuna mtego mwingine unaotokana na nchi yenyewe. Kongo ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kampuni yenye seva Kinshasa na malori Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ikiwa baadhi ya mistari imeandikwa kwa saa ya kifaa na mingine kwa saa ya seva, itakuwa na jedwali ambalo mistari yake imechanganyika kwa umbali wa dakika sitini, na kwa mpangilio wa saa hiyo ni mistari 6,000 ya kupotea njia. Saa ihifadhiwe kwa kipimo kimoja cha dunia, UTC, na igeuzwe kuwa ya Lubumbashi wakati wa kuchorwa tu.

Jambo la idadi ni fupi kuliko linavyoonekana. Ili mwambaa wa kusogeza uwe na ukubwa sahihi, programu inahitaji kujua mistari ni mingapi, na kuihesabu kwa usahihi katika PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, humaanisha kuipitia, kwa sababu kila mtumiaji anaweza kuwa anaona toleo tofauti kidogo la data kulingana na wakati alioanza kusoma. Hifadhidata hiyo lakini huweka makisio yake ya idadi ya kila jedwali, na makisio hupatikana papo hapo. Mwambaa hauhitaji zaidi ya hapo. Kukosea mistari elfu kumi kati ya milioni tano ni chini ya pikseli mbili. Kinachohitajika ni adabu ya kuandika "takriban milioni 5" chini ya jedwali, na kuiacha hesabu kamili kwa ajili ya ripoti zinazosainiwa.

Kati ya seva na kioo kuna mtandao, na mtandao wa huku una tabia zake. Mtu akikokota kitelezi kutoka juu hadi chini kwa sekunde mbili, programu isiyo na busara hutuma maombi mia moja, moja kwa kila mahali alipopita, na majibu hurudi bila kufuata foleni: jibu la mahali alipopita mwanzoni huweza kufika mwisho na kufunika lile analolitazama. Yanatosha mambo matatu. Kusubiri kidogo, sehemu ya kumi ya sekunde hivi, hadi mkono utulie. Kufuta maombi ambayo hayahitajiki tena. Na kulipatia kila ombi namba, ili jibu lenye namba ya zamani litupwe linapofika. Data iombwe kwa mafungu, tuseme mistari 200, na mafungu ya karibuni yatunzwe kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili kurudi nyuma kusigharimu mega nyingine. Wakati fungu halijafika, ichorwe mistari ya kijivu yenye kimo kilekile. Jedwali linaloonyesha kijivu kwa nusu sekunde huvumilika kuliko linaloganda, kwa kuwa mtu anaona kwamba mkono wake umesikilizwa.

Data mpya nayo haisubiri. Malori yanaendelea kuandika mistari mia moja kila dakika wakati mkaguzi anasoma, na ikiwa mistari mipya inaingizwa juu, kila anachokitazama kinasukumwa chini kabla hajamaliza kukisoma. Mimi ningelifungia jedwali katika saa lilipofunguliwa: maombi yote yawe ya mistari iliyoandikwa hadi saa 09:42, na pembeni pawe na taarifa kwamba ipo mipya 300, bonyeza uione. Wanaotaka jedwali linalotiririka lenyewe kwa kawaida wanataka skrini ya ukutani ya kufuatilia malori, chombo kingine kabisa.

Kuhusu mistari yenye vimo tofauti, pale ambapo maelezo marefu hukunjwa katika mistari mitatu au minne, upo ufundi wa kuyamudu. Ile hesabu ya kugawanya kwa 28 hubadilishwa na mti unaotunza jumla za vimo, kama ule ulioelezwa na Peter Fenwick mwaka 1994, ambao kwa milioni tano hutoa jibu ndani ya hatua kama 23. Lakini vimo vya mistari ambayo haijawahi kuchorwa havijulikani, hukisiwa tu, na kila kisio likirekebishwa kitelezi huruka. Ushauri wangu ni kukataa. Mistari iwe na kimo kimoja, maelezo marefu yakatwe, na anayeyahitaji abonyeze ayasome kwenye kidirisha cha pembeni.

Mbinu ya dirisha pia humnyang'anya mtumiaji vitu ambavyo kivinjari kilimpa bure. Akibonyeza Ctrl na F kutafuta namba ya gari, kivinjari kitatafuta ndani ya ile mistari michache iliyochorwa na kusema hakuna, ingawa gari lipo mara elfu hamsini hivi. Programu inayotumia mbinu hii inawajibika kuleta utafutaji wake, unaoulizwa seva. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, ataambiwa jedwali lina mistari 30 hivi, isipokuwa mtengenezaji ameandika sifa mbili za aria-rowcount na aria-rowindex zinazotaja idadi ya kweli na mahali mstari ulipo.

Nyeti kuliko yote ni kitendo cha kuchagua yote. Kisanduku kilicho juu ya jedwali, mtu akikitia alama, kinachagua nini: mistari 25 anayoiona, 200 iliyopakuliwa, au milioni tano zilizoko kwenye seva? Katika majedwali ya dirisha chaguo hili haliwezi kuhifadhiwa kama orodha ya mistari. Huhifadhiwa kama kanuni, yaani kila mstari unaotimiza vichujio hivi hadi saa 09:42, isipokuwa ile mitatu aliyoiondolea alama. Kitufe kinachofuata kikiwa ni cha kufuta, maneno yake yataje idadi kamili, na hapa makisio hayaruhusiwi.

Kitufe kinachofuata kikiwa ni cha kuhamishia kwenye Excel, idadi ni muhimu vilevile. Lahajedwali la Excel hubeba mistari 1,048,576 tangu toleo la 2007. Mafaili ya muundo wa zamani hukomea 65,536. Mwaka 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilipitisha matokeo ya vipimo vya korona katika mafaili ya muundo huo wa zamani, na wagonjwa 15,841 hawakuingizwa kwenye hesabu kwa wakati, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu mistari iliyozidi ilikatwa. Mistari milioni tano inahitaji mafaili matano, kila moja likiwa na mstari wake wa vichwa vya safu. Na kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisi zetu zimewekwa kwa Kifaransa, ambamo mkato hutenganisha lita na desimali zake, thamani ndani ya mafaili hayo, yakiwa ya maandishi matupu (CSV), zitenganishwe kwa nukta-mkato, la sivyo mkato wa lita 276,5 utachanganywa na mkato unaotenganisha safu.